Kwa wewe unayeanza kuandika mapenzi ya enzi za misheni

Katika riwaya yangu ya kwanza nilimvusha bi harusi wa mwaka 1912 daraja la Nyali, Mombasa, viatu mkononi. Bibi mmoja wa kanisani kwetu akasoma mpaka hapo, akavua miwani. "Mwanangu, huyu mwari kapita juu ya maji kama Petro?" Daraja la kwanza la Nyali, lile la kuelea, lilifunguliwa 1931.

Nililia, nikaifuta sura nzima. Lakini nilipolazimika kumpakia mashuani ndipo hadithi ikashika moto. Pindo la gauni limelowa maji ya chumvi, mpiga makasia anajifanya anatazama ng'ambo, na binti hana pa kukimbilia mpaka wafike. Kwa hiyo usiogope tarehe, zitakupa visa ambavyo kichwa chako kisingevibuni.

Mengine ni ya kuangalia tu. Mahari ya kabla ya 1920 taja kwa rupia, si shilingi. Biblia ya Union tunayosoma leo ilitoka 1952, hivyo usimpe msichana wa 1925 aya zake neno kwa neno. Mombasa ilikuwa na Biblia ya Kimvita, yaani Kiswahili cha hapa, tangu 1914. Mchumba wake naye amwite "ndoo", maana ndiyo "njoo" ya hapa. Msomaji wa bara akidhani ni ndoo ya maji, mweke mtu mwingine katika kisa aelewe hivyo hivyo, wacheke pamoja.

Penye utamu ni hapa. Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ilianzishwa 1875 na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, kwa ajili ya waliokombolewa utumwani. Mfikirie binti aliyeshushwa pale akiwa mtoto mdogo. Hana mjomba wala shangazi, pengine hata jina alilopewa na mamaye halikumbuki. Akitokea kijana wa kumposa, posa inapelekwa kwa nani? Nani atapokea mahari, na nani atakaa naye usiku wa kuamkia harusi amfunde? Waandishi wengi wapya hukimbilia kumtia afisa wa Kizungu mwenye macho ya buluu, wakati swali hilo peke yake lingewalisha sura kumi. Ukihamia Rabai, misheni nyingine karibu na Mombasa, mchumba anaweza kuwa mtumwa mtoro aliyejificha misheni, na mwenye kumdai akatokea siku ya tangazo la ndoa. Utumwa pwani hii haukufutwa kisheria mpaka 1907.

Na mchungaji wa kuwafungisha ndoa si lazima awe Mzungu. William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliokombolewa wakasomeshwa India, walifanywa mashemasi 1885. Mtu aliyewahi kuuzwa mwenyewe atamsikiliza binti huyu kwa namna nyingine kabisa. Sala yake iandike fupi, na wakati mwingine isijibiwe.

Kabla ya kuandika panda matatu ushuke Kengeleni, pale Frere Town, uitazame kengele yenyewe ya misheni. Halafu tafuta bibi wako wa kukusomea. Wangu juzi kanirudishia kurasa, pembeni ameandika kwa penseli: "Leso hii kaipata wapi, na kwa pesa ya nani?" Sijapata jibu. Binti bado amesimama mlangoni, leso begani, ananisubiri.