Mwalimu mpya wa Baiolojia huku kusini, anzia Tendaguru

Umepangiwa Lindi au Mtwara, umeripoti kituoni, na ratiba imekupa Kidato cha Nne. Basi mada ya mageuko ya viumbe itakufikia, na ikishakufikia darasa litakuwa mdahalo hata kama hukuuitisha. Nimeifundisha mada hii mbele ya watoto wa madrasa na watoto wa kwaya waliokaa dawati moja, na ninachokuomba ukishike ni hiki: usianze na nyani. Anza na mawe.

Ukianza na nyani, mkono wa kwanza utakaonyooshwa utauliza mbona nyani wa leo hawageuki watu, na kipindi kitaishia hapo. Maswali matatu yatakuwa yameshachanganyika: dunia ina umri gani, viumbe walibadilikaje, na nani aliyeumba. Mtu anaweza kulikubali la kwanza, akasita kwa la pili, na la tatu asilitikise hata kidogo. Wanafunzi wangu wengi Waislamu hawasumbuliwi na dunia ya miaka mabilioni, kwa sababu Kurani haitaji umri wake. Linalowagusa ni habari ya Nabii Adamu. Baadhi ya Wakristo wao husimamia miaka elfu sita, hesabu inayotokana na vizazi vya Biblia. Askofu James Ussher alihesabu hivyo katika karne ya 17 akafika mwaka 4004 kabla ya Kristo. Mkatoliki naye huenda hajawahi kuambiwa kwamba Papa Yohane Paulo II alitamka mwaka 1996 kuwa mageuko ni zaidi ya dhana tu. Kwa hiyo kabla hujajibu, muulize: unabishia lipi kati ya hayo matatu?

Kisha wapeleke Tendaguru, walau kwa ramani ubaoni. Kilima hicho kiko hapahapa mkoani Lindi, kaskazini-magharibi mwa mji. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, imejitokeza ardhini, na kati ya 1909 na 1913 ikachimbwa zaidi ya tani 200. Waambie wanafunzi nani aliichimba. Ni mamia ya watu wa huku, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mjusi aliyesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, alitoka mikononi mwa babu zao. Mtoto akilijua hilo haoni tena kwamba visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa kwenye mawe, ni hadithi ya Wazungu, na mimi naona ni haki yake kulijua.

Sasa fundisha matabaka ya miamba, na hapa usiwe na haraka. Tendaguru ina matabaka matatu yenye mifupa ya mijusi, na katikati yake kuna mchanga wa baharini wenye makombe na amonaiti, wanyama wa bahari wenye gamba waliokwisha kutoweka. Yaani bahari ilikuja, ikarudi, ikaja tena. Atakayeleta Gharika ya Nuhu usimkebehi. Mwombe aeleze maji ya mara moja yangepangaje makombe, mijusi, makombe tena, kila kundi na tabaka lake.

Wabishi wazuri watakubana kwenye umri. Wakisema kaboni 14, inayotumika kukadiria umri wa mabaki ya viumbe, haiwezi kupima miaka milioni 150, wako sahihi, wakubalie. Kaboni hiyo hupungua nusu kila miaka 5,730, na ikipita miaka kama 50,000 hakuna kinachobaki cha kupimika. Umri wa mijusi wa Tendaguru unatokana na amonaiti na viumbe wengine wadogo wa tabaka zile. Aina hizo hupatikana pia nchi nyingine, na kwingine miamba ya zama hizohizo ina majivu ya volkeno yenye chembe za madini ya zirkoni. Ndani ya zirkoni kuna urani, ambayo hugeuka madini ya risasi kwa mwendo usiobadilika: nusu ya urani 238 huchukua miaka bilioni 4.47. Kwa kupima risasi ya vimondo, mwanasayansi Clair Patterson alitangaza mwaka 1956 kwamba dunia ina miaka kama bilioni 4.55.

Watarudi: mnapima jiwe kwa kisukuku, na kisukuku kwa jiwe! Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, lijibu kwa tarehe. Mwanajiolojia William Smith alichapisha ramani yake ya matabaka ya Uingereza mwaka 1815, akitambua tabaka kwa visukuku vyake. Kitabu cha Darwin kilitoka 1859, na mnururisho wa urani, yaani miale inayotoa, ukagunduliwa 1896. Mpangilio ulikuwepo kabla ya nadharia na kabla ya saa ya kuupima. Saa ilipokuja, ingeweza kuukanusha mpangilio ule. Iliuthibitisha.

Nyani waje mwisho. Sokwe hakutuzaa, kama vile binamu yako hakukuzaa. Mna babu mmoja, kila ukoo ukaenda njia yake. Hilo linatosha kwa siku ya kwanza.

Kwa vielelezo, nenda Mikindani. Kuta za nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na matumbawe yenyewe yanaonekana wazi ndani ya jiwe. Waache wayaguse kwa vidole.

Wa Kilwa, na wengine waliokulia kwa wavuvi, watakuletea hoja ya samaki aitwaye silikanti. Ilidhaniwa imetoweka miaka milioni 66 iliyopita hadi ilipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na mwaka 2003 ikavuliwa kisiwani Songo Mnara, huko Kilwa. Watasema: mbona haijabadilika? Jibu ni kwamba imebadilika. Silikanti wa leo si jenasi (kundi la spishi za karibu) ileile ya wale wa kwenye mawe, na aliyewahi kuona picha za mifupa yao ubavu kwa ubavu huona tofauti. Zitafute picha hizo kabla ya kipindi, uzibandike ubaoni, na mwachie aliyeuliza azilinganishe mwenyewe.