Swali: Niachane na Python 2 lini?

SWALI: Nina moduli inayosoma mizani na kutoa risiti za dagaa pale Mwaloni Kirumba, nimeiandika kwa Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Wateja saba wanaitaka kwa Python 3, wawili bado wana kompyuta za zamani. Niwaache lini hao wawili? Kuna fundi anasema atahamisha msimbo wote (maandishi ya programu) usiku mmoja kwa 2to3, programu inayogeuza msimbo wa Python 2 kuwa wa Python 3.
Msomaji, Kirumba

JIBU: Ndugu yangu, wakati wa kuiacha ulishafika. Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, na tundu la usalama likionekana leo, wenyewe hawalizibi. Toa toleo la mwisho kwa wale wawili, waambie tarehe ya kikomo, kazi mpya yote iende Python 3.

Kinachoninyima usingizi ni huyo fundi wa usiku mmoja. Kila mwezi naletewa mfumo "uliohamishwa" namna hiyo, na mwenye nao ananiambia: mbona unawaka vizuri tu, hautoi kosa lolote! Kuwaka si kuhama. Kosa linalosimamisha programu ni rahisi, utaliona siku hiyohiyo. Baya ni lile linalopita kimya.

Chukua risiti yako mwenyewe. Mteja ana kilo 95 za dagaa, viroba ni vya kilo 20, unataka viroba vilivyojaa. Kwenye Python 2, 95/20 inakupa 4. Kwenye Python 3, alama ileile inakupa 4.75. Kama ubebaji ni shilingi 2,000 kwa kiroba, jana alilipa 8,000, leo anadaiwa 9,500, na kompyuta haijalalamika hata kidogo. Dawa ni kuandika 95//20, inayotoa namba nzima tu, lakini lazima mtu asome mstari huo na kujua ulikusudia nini. 2to3 itakubadilishia print, amri ya kuonyesha maandishi, vizuri kabisa. Mgawanyo inauacha ulivyo, kwa sababu haiwezi kujua kama ulitaka viroba au kilo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, endesha msimbo wa zamani kwa amri ya python2 -3, inayoonya juu ya yatakayobadilika kwenye Python 3, ukusanye maonyo ya mgawanyo. Kisha chukua risiti za wiki nzima, zipitishe kwenye msimbo wa zamani na kwenye mpya, ulinganishe shilingi kwa shilingi.

Hata waundaji wa lugha yenyewe hawakuweza kuharakisha uhamaji huu. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008. Kikomo cha Python 2 kilipangwa 2015, kikasogezwa hadi 2020 kwa kuwa msimbo wa watu ulikuwa bado haujahama. PHP, lugha nyingine ya programu, nayo ilitangaza kwenye toleo 5.5, mwaka 2013, kwamba mysql_connect na ndugu zake, amri za kuunganisha na hifadhidata, wanaondoka, ikawaondoa kwenye 7.0 mwishoni mwa 2015. Watu walipewa muda na onyo, na bado wengi walikwama.

Sasa anakuja mtu na flashi mfukoni, anaahidi asubuhi, anachukua hela na kuondoka na msimbo wa zamani bila kukuachia nakala. Nimekutana na mama anayeuza samaki aliyegundua baada ya miezi mitatu kwamba hesabu zake zimepinda, na hapakuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Wewe nakala yako iweke leo, kabla huyo fundi hajapiga hodi.