Mwanangu, kuhusu zile kadi

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama baba yako atakubali sherehe ifanyike Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, kwenye zile nyumba za asili za makabila, badala ya ukumbini. Baba yako atakubali, tangu lini akakukatalia jambo? Mimi kilichonirusha usingizi ni ule mstari wako wa mwisho: kamati imepanga watu 200, na asiye na kadi asipite getini.

Kisa cha mjomba na kibuyu mnakijua, lakini mmekisikia kwa shangazi zenu. Mimi sijawahi kuwasimulia.

Bukoba, 1988. Nimekaa mbele na shela la kuazima, kamati inasoma majina ya waliochangia. Mjomba ametoka kijijini alfajiri na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi alizikanyaga mwenyewe na majani, akaweka mtama uliokaangwa, akaiacha ichachuke, kisha mdomo wa kibuyu akauziba kwa jani la mgomba. Mlangoni akaulizwa kadi. Hakuwa nayo, maana hakuna aliyekumbuka kumpelekea kadi mtu aliyenilea. Hakugomba. Alikaa nje chini ya mwembe mpaka keki ikakatwa, akamwomba mtoto akiingize kibuyu, akaondoka zake.

Nilikiona mezani katikati ya chupa za soda, jani bado bichi. Nikajua ni cha nani. Nikasimama. Matroni akanivuta mkono, akasema nitaharibu ratiba. Nikakaa. Yule wa mlangoni nilishamsamehe. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilikaa.

Shughuli ni watu, nimewaambia tangu mkiwa wadogo. Utanijibu kwamba sahani zina hesabu, na wazamiaji wa harusi jijini wapo. Kweli wapo. Kwenye harusi ya kaka yako ni mimi niliyeng'ang'ania kadi, na kila mtu alikula akashiba. Sasa leo nakuambia nini? Nakuambia shughuli ni watu, na hesabu nayo ni hesabu. Sijui zinakutana wapi.

Mengine yote yamenifurahisha. Kijiji kile kipo tangu miaka ya sitini, na nilipokupeleka ukiwa darasa la tatu uliingia kwenye msonge wa Kihaya ukagoma kutoka, ukasema panafanana na kwa bibi. Leo mnataka bwana harusi atoke na watu wake kwenye tembe ya Wagogo aje kukuchukua msongeni! Ninyi mliojuana kwenye foleni ya maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani! Niliposoma hapo nililia, nikamsomea baba yako, naye akaenda kusimama dirishani. Na vile vifuko vya wageni, senene zetu na zabibu za kwao Dodoma, msiviache. Harusi ni Desemba, senene watakuwa wametoka Novemba. Nitawakaanga mwenyewe.

Getini mweke mtu mzima anayezijua sura za pande zote mbili, awe na viti vya akiba na… hapana. Nilijiapiza kwamba siamui. Harusi ni yenu, kamati ni yenu, na mnajua bajeti yenu.

Ila niletee kadi kumi zisizoandikwa jina. Usiniulize ni za nani.

Mama yako