Kona ya mnara ilivyomponza mwenye ngome

SWALI: Wataalamu, salaam. Nilipokwenda Mombasa niliona Ngome ya Yesu ina kona zilizochongoka kama mkuki. Kwenye picha za ngome za kale za Uingereza naona minara ya mraba, na mingine ya mviringo. Ni urembo tu? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Urembo ni kidogo. Kona ndiyo aliyoitafuta adui.

Chukua Rochester, Uingereza. Mnara wake mkuu, wa mraba, ulianza kujengwa mwaka 1127, kuta zikikaribia meta 4 kwa unene. Mwaka 1215 Mfalme John aliuzingira, waasi wakiwa ndani. Manati kubwa za kurusha mawe hazikufua dafu, basi wachimbaji wakaingia chini ya kona ya kusini-mashariki. Kazi yenyewe ni hivi: unachimba huku ukiegemeza dari kwa magogo, ukishafika chini ya msingi unajaza kuni, unawasha, unatoka mbio. Magogo yakiungua, ukuta hauna tena cha kukalia. Mfalme aliagiza nguruwe 40 wanono, wale wasiofaa sana kuliwa, ili mafuta yao yakoleze moto (wapenzi wa kitimoto mtusamehe). Kona ikaporomoka. Waasi wakarudi nyuma ya ukuta uliokata jengo katikati, wakaendelea kupigana hadi njaa ilipowatoa, Novemba 30. Kona ile ilijengwa upya kwa mviringo; hadi leo mnara una kona tatu za mraba na moja ya duara.

Udhaifu wa kona ni kwamba jiwe lake liko wazi pande mbili. Mwenye mtaimbo hulichokonoa upesi kuliko la katikati ya ukuta. Isitoshe, mlinzi aliye juu hamwoni vizuri aliyejibana mbele ya kona. Kwenye mviringo, jiwe la manati likipiga kwa mshazari huteleza. Hasara yake ni kuchonga mawe yenye mbinuko, na ndani kitanda hakikai sawa na ukuta. Dhidi ya wachimbaji, kinga kali zaidi ni handaki la maji, maana shimo lao linafurika.

Tusisahau kwamba ngome hizo hazikuwa za vita tu. Zilifanana na maboma yetu ya enzi za Wajerumani: mkubwa anaishi humo, anahukumu humo, ghala na mahabusu humo humo.

Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, enzi za mizinga, kwa ramani ya Mtaliano Cairati. Hapo mviringo nao ukaonekana una kasoro: mbele yake hubaki kipande ambacho mizinga ya mnara jirani haikifikii. Ukiuchonga mnara uwe na ncha, nyuso zake mbili zinanyooka, na jirani anaweza kufyatua sambamba nazo tangu mwanzo hadi nchani. Adui hana pa kujibanza.