Mnaoanza Mercia, msinakili mwaka kabla ya kuupima

Wadogo zetu mnaosoma historia ya Mercia, ufalme wa kale wa Uingereza uliopakana na Wessex kusini na Northumbria kaskazini, kazi zenu zinasomwa kwa mapenzi, lakini kosa ni lilelile kila muhula: "Ecgberht wa Wessex aliitwaa Mercia mwaka 827." Hapana. Ni 829.

1. Tarihi ya Waanglo-Saksoni, kitabu cha matukio ya Uingereza ya kale kilichopangwa mwaka kwa mwaka, ina miaka iliyoteleza. Kuanzia miaka ya 750 hadi ya 840, taarifa zake nyingi zimerudi nyuma miaka miwili, pengine mitatu. Offa, mfalme wa Mercia, anafia humo 794, ilhali alikufa 796. Sasa fungueni taarifa ya 827, msome polepole. Inaanza na mwezi kupatwa usiku wa Krismasi, halafu inasema mwaka huohuo Ecgberht akaitwaa Mercia. Krismasi ya 827 hata mwezi mpevu haukuwepo! Mwezi ulipatwa tarehe 25 Desemba 828, na kwa hesabu ya mwaka unaoanza Krismasi, usiku ule ndio uliofungua 829. Kwa hiyo Wiglaf, mfalme wa Mercia aliyeng'olewa na Ecgberht, anarudi kitini 830, si 828. Asiyesahihisha hapo anaharibu na vilivyotangulia: vita vya Ellendun, ambako Ecgberht alimshinda Beornwulf wa Mercia mwaka 825, vinabaki 823, na maskini Beornwulf anashindwa mwaka uleule aliotwaa ufalme.

2. Hati za ardhi zipimeni kwa indiksheni, ule mzunguko wa miaka 15 ambao namba yake waandishi waliiweka kando ya mwaka. Chukua mwaka, ongeza 3, gawanya kwa 15. Kinachobaki ndicho namba yake, na kisipobaki kitu ni 15. Hati ya ardhi ya Ismere, ya mfalme Æthelbald wa Mercia, ni ya 736: 739 kwa 15, inabaki 4, na hati yenyewe imeandika ya nne. Hati za miezi ya mwisho wa mwaka zinaweza kupishana kwa moja, kwa kuwa indiksheni haikubadilika pamoja na mwaka. Msizitupe kwa sababu hiyo. Kisha tazameni maaskofu walioshuhudia. Askofu aliyekwisha kufa hashuhudii.

3. Majina ya wafalme wa Mercia yanafanana, Coenred, Ceolred, Coenwulf, Ceolwulf: kila jina liandikiwe miaka yake, kila mara. Ceolwulf wako wawili, aliyeanza kutawala 821 na aliyeanza 874. Ecgfrith mwana wa Offa alitawala siku 141 tu. Ecgfrith aliyeuawa na Wapikti, watu wa Uskoti ya kale, mwaka 685 ni mwingine, mfalme wa Northumbria.

4. Ulizeni nani kashika kalamu. Mercia haikutuachia tarihi yake yenyewe. Bede, mtawa mwanahistoria, ni mtu wa Northumbria, na Penda, mfalme wa Mercia, aliwaua wafalme wawili wa Northumbria, Edwin na Oswald. Tarihi nayo ilikusanywa Wessex enzi za mfalme wake Alfred, ikamwita Ceolwulf wa pili mtumishi mpumbavu wa mfalme, na nyinyi mnalinakili neno hilo kama hukumu ya mahakama. Hazina ya Watlington, iliyofukuliwa 2015, ina peni za fedha za Alfred na za Ceolwulf huyohuyo zenye picha moja: watawala wawili wameketi bega kwa bega. Hiyo si picha ya mtumishi na bwana wake.