Kabla hujanunua mashine ya kujaza risasi, piga hesabu hii

Kila mwaka ikifika Oktoba simu yangu haitulii. Wabongo na Wakenya tunaowinda huku Wisconsin, Marekani, si wengi, lakini tuliopo tunajuana, na swali la wanaoanza siku hizi ni lile lile: "Kaka, boksi la risasi kwako limefika bei gani? Na hiyo mashine yako ya kujazia, inalipa kweli?" Nimeshajibu kwa sauti za WhatsApp mara nyingi mno. Leo nimekaa mezani na risiti zangu ili niandike jibu lililokamilika. Kujaza ninakosema ni kutengeneza risasi nyumbani: ganda, yaani kile kikopo cha chuma kinachobaki ukishapiga, unalitia upya kiwashio, baruti na kichwa.

Mimi natumia bunduki ya komeo (unasukuma komeo kwa mkono kuingiza kila risasi) ya kaliba .308, yaani kipimo cha unene wa risasi. Mwaka 2019 boksi la risasi 20 za kulungu nililinunua dola 24. Msimu uliopita, duka lile lile na boksi la aina ile ile, nililipa 38. Huo ni karibu dola mbili kila unapovuta kifyatulio.

Mambo yalianza kuharibika mwaka 2020. Korona ilipoingia, watu wengi Marekani walinunua bunduki kwa mara ya kwanza na kila mmoja akataka risasi za kuweka ndani. Fataki, yaani kiwashio, kile kidude kidogo kinachokaa kitakoni mwa ganda na kuwasha baruti, zilipotea kabisa madukani. Ziliporudi, bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili na mpaka leo haijashuka kufika ilikokuwa. Februari 2022 vita vya Ukraine vikapamba moto. Baruti ya kisasa hutengenezwa kwa nitroselulosi, na nitroselulosi nyingi inatokana na nyuzi fupi za pamba. Mizinga ya milimita 155 inaila hiyo hiyo kwa tani, kwa hiyo mwindaji wa kulungu anagombea malighafi moja na majeshi. Ongeza bei ya shaba, maana ganda ni shaba na zinki, na kichwa cha risasi kwa kawaida ni madini ya risasi yaliyovikwa shaba.

Sasa hesabu. Hizi ni bei nilizolipa mimi, zako zitatofautiana kidogo.

Fataki elfu moja zilinigharimu dola 88, yaani senti 9 kwa moja. Ratili ya baruti ni dola 48, na kwa .308 inanitolea risasi 155 hivi, kwa hiyo senti 31. Vichwa 100 vya kuwindia ni dola 42: senti 42 kila kimoja. Ganda ni lile lile lililobaki kwenye risasi ya dukani, nalitumia mara kadhaa kabla ya kulitupa, basi nimeliwekea senti 5. Jumla senti 87. Ya dukani ni dola 1.90. Kila risasi ninayojaza inaniachia dola moja na senti tatu.

Inapendeza, lakini vifaa havijalipwa bado. Mashine ya mkono ya kubana ganda moja moja, dai zake (vyuma vya kulirudishia ganda umbo lake), mizani, kalipa ya kupimia urefu, kikata shingo ya ganda na makorokoro mengine vilinifikisha dola 420. Ukigawa, unahitaji risasi 400 na ushee ndipo fedha yako irudi. Anayepiga risasi 200 kwa mwaka atairudisha baada ya miaka miwili hivi. Anayepiga 40 tu, yaani anarekebisha darubini ya bunduki Oktoba na kwenda msituni Novemba, atasubiri miaka kumi. Huyo namwambia waziwazi asinunue mashine. Anunue maboksi mawili ya dukani yenye namba ya toleo inayofanana, ili yapige sawa, na fedha inayobaki atume nyumbani.

Wenye kaliba ndogo ya .223 ndio wanaobisha sana, kwa sababu wao hupiga nyingi. Kwenu hesabu ni ngumu zaidi. Risasi ya kawaida ya mazoezi naipata dukani kwa senti 52. Nikijaza mwenyewe ni fataki senti 9, baruti 17, kichwa 13, jumla 39 bila kuhesabu ganda. Nimeokoa senti 13, kwa hiyo utapiga zaidi ya 3,200 kabla vifaa havijajilipa. Halafu kuna muda. Kwa mashine yangu, risasi 100 zinanichukua saa mbili na nusu tangu kusafisha maganda mpaka kufunga kisanduku. Kwa .308 nimeokoa dola 103 katika muda huo. Kwa .223 nimeokoa dola 13, kama dola 5 kwa saa, na hakuna hata mmoja wetu anayekubali kazi ya dola 5 kwa saa huku.

Jambo lingine linalopindua hesabu ni usafirishaji. Baruti na fataki zikiagizwa mtandaoni zinatozwa ada ya mzigo wa hatari. Mara ya kwanza niliagiza ratili moja tu, ada ikawa dola 32. Ratili ikasimama 80, na senti 31 zangu zikawa 52. Siku hizi tunaagiza watu wanne pamoja, ada moja tunaichanga, au nasubiri nikipita duka lenye mzigo.

Na sasa niseme kitu ambacho wauza mashine hawakwambii. Kabla sijaanza kujaza nilikuwa napiga risasi kama 60 kwa mwaka, yaani dola 114. Mwaka jana nimepiga 250. Zidisha kwa senti 87: dola 217. Matumizi yangu yamepanda karibu mara mbili! Mke wangu aliliona hilo kwenye akaunti kabla yangu.

Sijutii hata senti moja ya hiyo tofauti. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, nasema bismillahi kabla ya kufyatua, na naamini nina deni kwa yule mnyama: aanguke pale pale. Kulungu aliyepigwa tumboni anaweza kuteseka usiku kucha katika theluji. Mazoezi ya risasi 250 yamenitoa kwenye kubahatisha. Kwa hiyo ukiniuliza mashine inafanya nini, nitakwambia inakupa mazoezi mara mbili kwa fedha ile ile. Kama hilo ndilo unalolitaka, nunua. Kama unachotaka ni kupunguza matumizi, utabaki na dola zako mfukoni ukiacha mambo yalivyo.

Nina kosa moja la kuwahadithia. Msimu wetu wa bunduki ni siku tisa, unafunguliwa Jumamosi ya kabla ya sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mwishoni mwa Novemba. Jumamosi hiyo ya 2022 niliingia na risasi nilizojaza kwenye maganda niliyoyaokota uwanja wa shabaha, yaliyokwisha kupigwa katika bunduki za watu wengine. Ganda likipigwa hutanuka na kuchukua umbo la chemba ya bunduki ile, yaani tundu risasi inamokaa. Dai kazi yake ni kulirudisha katika kipimo, lakini nati ya dai yangu ilikuwa imelegea nami sikuiangalia. Alfajiri baridi inakata masikio, dume likatokea kama mita 70, likasimama ubavu wote kwangu. Nikasukuma komeo. Likagoma nusu. Nikasukuma tena, chuma kikalia, dume likainua kichwa na kuondoka zake. Bega la ganda, pale linapoanza kupungua kuelekea shingo, lilikuwa limezidi unene wa kucha tu.

Tangu siku hiyo kila ganda linapita kwenye geji, kipimo cha umbo lake, kabla sijaligusa kwa fataki. Na maganda ya kuokota natumia kwa mazoezi, ya kuwindia ni yale yaliyotoka kwenye bunduki yangu mwenyewe.

Mjomba wangu wa Handeni alikuwa na gobore. Nilikuwa nikimwangalia anavyoshindilia kwa mdeki, anakadiria baruti kwa kiganja. Naomba picha hiyo tuliyokua nayo tuiache kule kule. Baruti ya huku ina nguvu nyingine kabisa, na kuzidisha kidogo kunaweza kupasua bunduki usoni mwako. Ndiyo maana sijaandika hapa kipimo ninachotumia na sitampa mtu hata akinipigia. Nunua kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, anzia kipimo chake cha chini, pima kwa mizani. Weka aina moja tu ya baruti mezani. Vaa miwani. Zima simu. Mimi nikishajaza baruti maganda 50 kwenye kibao chake, kabla sijaweka kichwa hata kimoja, nachukua tochi na kuchungulia safu kwa safu: baruti inatakiwa kufika usawa mmoja kote. Ganda moja likiwa tupu au limejazwa mno, macho yanaliona hapo hapo.

Na wenye watoto, nawasihi. Kiswahili kimeiita risasi kwa jina lile lile la madini yake, na madini hayo ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Vumbi la kusafishia maganda yaliyopigwa linayabeba. Usifanyie kazi hiyo jikoni wala kwenye zulia wanakotambaa. Mimi niko gereji, mlango wazi, glavu mkononi, na nguo zile hazifuliwi pamoja na za watoto.

Sheria nayo. Kujaza kwa matumizi yako binafsi kunaruhusiwa hapa, ila kujaza kwa ajili ya kuuza kunahitaji leseni ya serikali kuu. Rafiki akikuomba umjazie boksi umlipishe "vifaa tu", mwambie aje mkae pamoja ajifunze. Na mnaporudi likizo Dar au Mombasa, kagueni kila mfuko wa begi mlilowahi kulibeba uwanja wa shabaha. Usifike na ganda lolote, hata lililokwisha kupigwa. Maelezo utakayotoa pale uwanja wa ndege yatakula likizo yako yote.

Kwa yule ambaye bado hajaamua, fanya jambo moja ambalo ni bure. Ukipiga risasi za dukani mwaka huu, usiyaache maganda chini. Yaokote, yatie kwenye mfuko wa zipu, andika kaliba na idadi kwa kalamu ya wino mzito. Mwakani Oktoba hesabu mifuko. Ukikuta maganda 200, nipigie tuzungumze habari ya mashine.