Usilipie hilo zumaridi kabla halijaingia kwenye hadubini

Mkuu, usitoe hela! Unasema broka kakuletea zumaridi "la Manyara", karati 3, safi kama maji, linawaka jekundu kwenye filta ya Chelsea, kile kioo kidogo cha rangi cha kuchungulia mawe. Unauliza mawe ya maabara yanatengenezwaje na ukate umbo gani upate bei. Achana na umbo kwanza. Mimi filta hiyohiyo ilinila milioni 6.

Aliyeniuzia alinishikisha mwenyewe filta, akawasha tochi. "Unaona linavyowaka? Feki haiwaki." Mwongo wa kutupwa! Filta inaonyesha kromu, na kromu ndiyo wanayotia maabara jiwe liwe kijani. Langu liliwaka kama taa ya breki, nami nikashangilia. Kumbe ya maabara mara nyingi huwaka kuliko ya mgodini.

Kulikwaruza nako hakusaidii. Si chupa ile, ni zumaridi kweli, ila limepikwa. Malighafi na maji yenye tindikali vinafungiwa ndani ya chombo cha chuma kinene, vinapashwa nyuzi 500 na zaidi. Maji hayana pa kutokea, presha inapanda mara mamia ya hii ya hewa tunayopumua, na hapo yanayeyusha vitu ambavyo sufuria yako isingeviyeyusha hata ungechochea kuni mwaka mzima. Vilivyoyeyuka vinaganda taratibu juu ya kipande chembamba cha berili, madini yaleyale ya zumaridi, wanakiita mbegu. Wiki kadhaa, jiwe tayari. Mbegu hukatwa mshazari likue upesi, na huo upesi ndio unaowaumbua.

Niliyaona kwa macho yangu, nikiwa nimeshalipa. Mtaalamu aligeuza jiwe kidogo chini ya hadubini, akanisogezea kiti. Kiti! Ndani kulikuwa na mistari ya V imepangana kama mifupa ya samaki, alama ya ule ukuaji wa upesi. Na hakuna hata punje ya ulanga (mica, yale madini ya magamba yanayong'aa), wakati zumaridi la Manyara linachimbwa kwenye miamba iliyojaa ulanga mweusi na mara nyingi hutoka nao tumboni. Ule usafi nilioulipia ndio ulipaswa kunitimua mbio.

Kwa hiyo hadubini kwanza, wewe ukiwepo, hela ikiwa bado mfukoni mwako. Akianza hadithi kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani, mrudishie jiwe lake, muage kwa amani. Langu ninalo bado, liko juu ya friji. Mgeni akiuliza nasema ni la urithi.